Kinjeketile Iringa, na igizo lililozaliwa na swali la mzee: kumbukumbu ya mradi

Machi

Tumekubaliana: mwaka huu vichekesho vya kwenye sherehe basi. Tunarudisha jukwaani Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, na tukijaliwa tunaongeza igizo jipya la kwetu wenyewe. Kikundi kina watu 14, wote wana shughuli zao. Mimi nina stesheneri Miyomboni, ndiyo maana kazi ya uongozaji imeniangukia: mwenye karatasi ndiye mwenye kikundi.

Tamthiliya hii ilichapishwa 1969, na nakala yangu imeshaachana kurasa. Tumenunua nyingine 4, na nimepiga marufuku kutoa fotokopi ya kitabu kizima. Kila mtu anakopi mistari yake kwa mkono kwenye daftari. Mwenye stesheneri kukataza fotokopi, cheka tu. Ila kuna faida: anayeandika kwa mkono anashika mistari haraka kuliko anayesoma kwenye simu.

Aprili

Kijana anayecheza Kinjeketile ni bodaboda. Anakariri akiwa njiani na anasema abiria wawili wameshamwuliza kama yuko salama. Mazoezi ni jumatatu na alhamisi saa 12 jioni, maana yake saa 1 kasoro wakija wote.

Hakuna jipya. Mistari, mistari, mistari.

Mei

Sasa shida ni maji. Igizo zima limekaa juu ya maji: dawa ya Kinjeketile, iliyodaiwa kuzigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji, iliyowaunganisha watu wa makabila mengi katika vita ya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Kwa hiyo sisi, kwa akili zetu, tukaleta ndoo. Sakafu ya ukumbi tunaofanyia mazoezi ni saruji iliyosuguliwa. Askari wa kwanza kunyunyiziwa akateleza, akaenda chini na mkuki wake. Wa pili akaanza kupiga chafya, na baridi ya Iringa mnaijua, mtu aliyevaa kaniki tu kifuani wazi hahitaji na maji tena.

Tukajaribu kuigiza kunyunyiza bila maji. Ikawa kama watu wanafukuza nzi.

Jibu limetoka kwa dada anayesimamia maleba. Aliweka karai nyuma ya pazia, akashika kibuyu juu usawa wa bega, akamimina polepole, maiki imelala sentimita chache kutoka kwenye karai. Huku mbele Kinjeketile anainua mkono mtupu. Sauti ikajaa ukumbi mzima. Nilikuwa nimekaa viti vya nyuma na nikajikuta naangalia viatu vyangu kama vimelowa. Tangu siku hiyo hakuna tone jukwaani. Na inaendana na simulizi yenyewe, maana inasemekana Kinjeketile aliingia kwenye maji ya mto akatoka mkavu.

Kosa moja dogo. Wapiganaji wa Maji Maji walijifunga mabua ya mtama kichwani, na dawa yenyewe ilikuwa maji yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya mbarika. Sisi tukajifunga mabua ya mahindi kwa sababu ndiyo yaliyojaa huku. Tulidhani nani atajua.

Juni

Onyesho la majaribio, watu kama 60, wengi ndugu na majirani. Umeme ulikatika mara moja, tukaendelea kwa tochi za simu za watazamaji, na nasema ukweli tukio lile la Kinjeketile akiwa mfungwa, anashinikizwa awaambie watu kwamba maji ni uongo, halijawahi kutoka vizuri kama gizani.

Baada ya makofi mzee mmoja wa mstari wa mbele akasimama. Kwanza: "Hayo ni mahindi." Nani atajua, eti. Halafu akaketi, akafikiri, akasimama tena. "Mwanangu, mmecheza vizuri. Lakini mmetuletea vita ya watu wa Matumbi na Rufiji. Sisi tulikuwa wapi siku hiyo?"

Sikuwa na jibu la kumpa pale. Nilisema ahsante, tukazima spika.

Lakini jibu lipo, na halipendezi kwenye sherehe. Wahehe, wenyeji wa hapa Iringa, hawakuingia Maji Maji. Vita yao walishaipigana: Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 walikivunja kikosi cha Zelewski, kamanda wa Wajerumani, naye akafia hapo, 1894 ngome ya Kalenga ikapigwa mizinga ikaanguka, tarehe 19 Julai 1898 chifu wao Mkwawa akajiua asikamatwe. Miaka 7 baadaye anakuja mtu na maji. Wabena hapo Njombe wakakubali, Septemba 1905 wakaivamia misheni ya Yakobi. Wangoni wa Songea wakakubali, na Februari 1906 viongozi wao wakanyongwa kwa makumi.

Ndani ya kikundi tuna Wahehe, Wabena, Wakinga na Mnyakyusa mmoja mwenye maneno mengi. Mazoezi ya alhamisi hayakufanyika. Tulikaa tukabishana hadi mlinzi akaja na funguo. Mbena wetu anasema: "Nyie mlituacha." Mhehe anamjibu: "Sisi tulitangulia." Nikachukua daftari nikaandika hayo mawili juu ya ukurasa. Igizo jipya limeshapatikana.

(Kuna aliyetaka tuandike habari za fuvu la Mkwawa, lililorudishwa 1954 na sasa liko makumbusho ya Kalenga. Hapana. Mimi mwenyewe nimeshamcheza Mkwawa mara 3 tangu shule. Apumzike.)

Julai

Igizo jipya lina watu 3 na usiku mmoja, 1905. Hongo, yaani mjumbe wa dawa, anafika kwenye boma la bibi wa Kihehe akiwa na kibuyu. Mume wa bibi alibaki Lugalo, mtoto wake mkubwa alibaki Kalenga. Amebaki mjukuu wa kiume, na mjukuu anayataka maji.

Rasimu ya kwanza nilimpa bibi hotuba ya ukurasa mzima. Miaka yote hiyo niliyoitaja hapo juu niliitia humo, na majina, na mizinga. Mama anayecheza bibi, ambaye mchana anauza mboga sokoni, alisoma hadi mwisho, akavua miwani.

"Baba, huyu bibi anafundisha historia. Mtu aliyefiwa hahesabu miaka."

Niliumia kidogo. Niliporudi nyumbani nikafuta yote. Sasa mjumbe anabisha hodi, anaitikiwa "kamwene", na bibi anamwuliza kama amekula. Anampa ugali, anamwangalia akila. Katikati ya tonge anamwuliza: "Hayo maji, wewe mwenyewe umeshayapaka?" Mjumbe anaendelea kutafuna. Hapo nimewaambia wakae kimya hadi mtazamaji akohoe.

Nilichojifunza kwa Hussein kiko hapo hapo. Yeye alieleza wazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa jukwaani, si nakala ya yule Kinjikitile Ngwale aliyenyongwa Agosti 1905, na uhuru huo akautumia kumpa mtu wake mashaka. Mimi nilikuwa namlinda bibi asikosee. Sasa nimemwachia akosee. Mjukuu anaondoka na mjumbe alfajiri, na hatusemi kama bibi alikuwa na haki ya kumzuia.

Agosti

Maonyesho yote mawili yatakwenda usiku mmoja, Kinjeketile kwanza, mapumziko ya dakika 15, halafu letu. Kibali cha ofisi ya utamaduni kipo, mabua ya mtama tumeletewa na jamaa wa Dodoma gunia zima. Yule mzee nimempelekea tiketi mwenyewe. Aliuliza kama safari hii ni mtama.

Baada ya Iringa tunakwenda Njombe. Mbena wetu ameshatuonya kwamba shangazi zake wanakuja na maswali, na safari hii yatakuwa ya upande wa pili.

Kilichobaki kunisumbua ni kibuyu. Katika Kinjeketile maji yanasikika na hayaonekani. Katika igizo letu nataka kinyume chake: kibuyu kinaonekana muda wote, kimekaa kizingitini, na hakifunguliwi hata mara moja. Kwa hiyo lazima kijae kweli, mjumbe akikibeba bega lishuke. Tumekiziba kwa gunzi la mahindi kama wazee walivyofanya. Jana mazoezini, dakika ya 20, katikati ya ule ukimya, tukasikia tone. Halafu la pili. Mama akatupia jicho kizingiti, akarudisha macho kwa mjumbe, hakusema kitu. Leo dada wa maleba ameleta nta aipake kwenye gunzi. Nimemwambia asubiri kwanza.