Wiki tatu Usambara, katika nyumba ya waandishi

Saa kumi na mbili asubuhi stendi ya Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, ilikuwa imeshachangamka kama sokoni saa nne. Nilikuwa na begi moja la nguo, jingine la karatasi, na barua niliyokwisha kuisoma mara nyingi kiasi cha kuikariri. Ilisema nimepewa nafasi ya wiki tatu katika nyumba ya waandishi iliyoko kijijini, juu ya mji wa Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Chumba, chakula na ukimya vingetolewa na wenyeji. Nauli ilikuwa juu yangu.

Kwa ambaye hajawahi kukutana na jambo hili: ukaazi wa namna hii ni utaratibu ambao mwandishi, mshairi au mchoraji hupewa mahali pa kukaa kwa muda, mbali na ajira na shughuli za nyumbani, ili asogeze kazi aliyoianza. Unaomba kwa kupeleka kurasa chache na maelezo ya unachotaka kukifanya huko. Kwetu bado ni jambo geni. Mama yangu nilipomweleza aliniuliza, "Kwa hiyo unakwenda kukaa tu?" Nikamjibu nakwenda kuandika. "Si unaandika hapa hapa?" Sikuwa na jibu. Swali lile lilipanda basi pamoja nami.

Njia inajulikana. Chalinze, kisha mnakata kulia kuelekea kaskazini hadi Segera, penye njia panda ya Tanga, kisha Korogwe na mashamba ya mkonge yaliyonyooka mistari mpaka macho yanachoka. Kuanzia hapo milima inasimama upande wa kulia kama ukuta wa bluu, na unasafiri nayo muda mrefu bila kuipanda. Kupanda kunaanza Mombo. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na kutoka hapo wakubwa wao walipanda kutafuta baridi. Lushoto waliibatiza jina la Wilhelmstal. Barabara ya kupandia ina kilomita thelathini na kitu tu, lakini ni kona juu ya kona, mto unanguruma chini upande mmoja na mwamba umeegemea upande wa pili. Pale Soni maporomoko ya maji unayaona ukiwa umekaa kwenye kiti chako.

Jirani yangu kwenye basi alikuwa mzee aliyetoka kumwona mwanawe Dar. Tulipoanza kupanda alinigusa bega akanionyesha dirishani. "Kule chini ni nyika," akasema. "Ukishaona migomba imeshika kilima, ujue umeingia Shambaai." Kwa Wasambaa maneno hayo mawili ni dunia mbili zenye hewa, mazao na hata maradhi tofauti. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikiita kila kitu "Lushoto". Nikatoa daftari, nikaandika nyika, nikaandika Shambaai, na hayo ndiyo yakawa maneno yangu ya kwanza ya safari.

Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na nyumba yenyewe iko juu zaidi, nusu saa kwa bodaboda, upande wa msitu wa Magamba. Ilikuwa Julai. Jamani, msiende Usambara mwezi wa Julai na kanga mbili na sweta la mapambo. Usiku wa kwanza nililala na soksi, koti na kilemba. Mwenyeji wetu, mama mmoja mtu mzima anayeisimamia nyumba, alitukalisha jioni ile ile akatuonya jambo moja kwa sauti ambayo hakuitumia tena siku zote zilizobaki: mtu asiingize jiko la mkaa chumbani, hata kwa dakika tano, hata dirisha likiwa wazi. Moshi unaweza usiuone, lakini hewa ya mkaa inaua watu usingizini. Anayesikia baridi aje sebuleni kwenye moto wa kuni, wenye bomba la kutolea moshi, au aombe blanketi la tatu. Mimi niliomba la tatu na la nne.

Tulikuwa wanne. Mimi na riwaya yangu iliyokwama sura ya saba, mshairi kutoka Lamu, mchoraji kutoka Mwanza, na kijana mwandishi wa tamthilia aliyekuwa hajawahi kulala nje ya mji wake. Ratiba ilikuwa nyepesi. Uji na viazi vitamu saa moja na nusu. Simu zinawekwa kwenye kikapu hadi saa kumi jioni, ingawa mtandao wenyewe ulipatikana vizuri mahali pamoja tu, kwenye jiwe kubwa nyuma ya zizi. Chakula cha mchana kinaachwa mlangoni ndani ya hotipoti. Cha jioni mnakula pamoja.

Nataka kueleza habari ya hotipoti kidogo, kwa sababu ndiyo iliyonishinda mwanzoni. Aliyeileta hakupiga hodi. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa nyumba, ili fikra za mtu zisikatwe. Nilisikia kandambili zikija, bati la hotipoti likigusa sakafu, kisha kandambili zikirudi. Mimi nimelelewa katika nyumba ambayo mtu akifika mlangoni bila hodi ni mwizi au ni msiba. Na mtu akijifungia peke yake mchana kutwa, wenzake huja kumuuliza, "Unaumwa? Nani kakuudhi?" Sasa hapa nimejifungia, siumwi, sijaudhiwa, na watu wazima wananyata mlangoni pangu kwa sababu ya karatasi. Siku ya pili nililia. Si kwa huzuni hasa. Hakuna mtu aliyewahi kuichukulia kazi yangu kuwa kitu cha kunyatiwa.

Na sikuandika kitu. Hili napenda mtu alijue kabla hajaenda, maana mimi sikuambiwa, na kwa siku nne nilidhani nimekula nafasi ya mwingine bure. Unafika na uchovu wa miezi, mwili unaona pamenyamaza, unadai deni lake. Nilisinzia juu ya daftari. Nilifuta mistari kumi, nikaandika tisa mibaya zaidi. Nilikwenda kwenye jiwe la mtandao mara tatu kabla ya saa kumi, kinyume cha makubaliano, kuangalia kama watoto wamekula. Walikuwa wamekula.

Mshairi wa Lamu alinikuta pale kwenye jiwe mara ya tatu. Hakunikemea. Yeye alikuwa anatembea kuuzunguka uwanja huku anakunja vidole, maana anatunga kwa arudhi, yaani kanuni za ushairi wa jadi, mizani (silabi) nane na nane katika kila mshororo, na alisema akikaa kitini mizani inamkimbia. Akaniambia, "Wewe unataka kuandika sura. Andika mizani nane." Nilirudi chumbani nikaandika sentensi moja tu, ya bibi kwenye riwaya yangu akifunga kanga kiunoni, nikaifunga kazi ya siku. Kesho yake zikaja tatu. Siku ya sita nilisikia kandambili za hotipoti nikashangaa kwamba ni mchana tayari.

Asubuhi nilijifunza kutoka nje kabla ya uji. Ukungu unakuwa umelala mabondeni, matuta ya kilimo yamechongwa ubavuni mwa milima kama ngazi, na kutoka msituni unasikia mbega wakinguruma, sauti nzito ambayo siku ya kwanza nilidhani ni pikipiki bovu. Wanawake wanapita na mizigo ya kabichi na karoti kuwahi soko. Unapaswa kusalimia. Nasema hivi kwa dhati kabisa: usijifanye mtu wa ukimya njiani. Ukimya wa nyumba unaishia getini. Kijijini mgeni asiyesalimia anaonekana ana neno moyoni. Nilijifunza kusema "hongea", ambayo ni asante kwa Kisambaa, na kwa neno hilo moja nilipewa ndizi, nikaonyeshwa njia ya mkato, nikaulizwa na watoto, "Nyinyi mnaoumwa kule kwenye ile nyumba, mnatibiwa na nani?" Kumbe walidhani ile ni zahanati! Watu wazima wanne wanaoshinda vyumbani, wanaletewa chakula mlangoni. Mchoraji aliwakaribisha Jumamosi wakaja kuchora, na baada ya hapo tukawa walimu.

Kila Alhamisi usiku tulikaa kwenye moto, kila mtu anasoma alichokipata. Mpishi wetu, ambaye sote tulimwita Mama, alimaliza vyombo akaja kukaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni na kazi yake ya kusuka ukili. Wiki ya kwanza sikusoma. Wiki ya pili nilisoma sura ya saba, ile iliyokwama: bibi yuko shambani kwake mlimani, saa sita mchana, jua kali, anang'oa maharage yaliyokauka huku akimlilia mwanawe aliyeondoka. Nilikuwa nimeipenda picha hiyo ya jua. Wenzangu wakasema maneno mazuri. Mama akainua uso kutoka kwenye ukili.

"Mwanangu, huyo bibi ni mkulima kweli?"

"Ndiyo, Mama."

"Amelima miaka mingapi?"

"Maisha yake yote."

"Basi hang'oi maharage saa sita. Jua likishapanda ganda linakuwa kavu, ukilishika tu linapasuka, maharage yote yanamwagika chini. Sisi tunang'oa alfajiri, umande haujakauka, ganda bado laini. Saa tatu umeshamaliza, unayapeleka uani ndiyo yakutane na jua."

Akarudi kwenye ukili wake. Sebule ilinyamaza. Nilihisi kitu kikifunguka kifuani, kwa sababu sura ile ilikuwa imekwama miezi mitano na sikujua kwa nini. Bibi yangu hakuwa na sababu ya kuwa shambani saa ile. Nilikuwa nimemweka pale kwa ajili ya jua langu la mjini. Nikimwamsha alfajiri, basi analia gizani, mikono imelowa umande, hakuna anayemwona, na lazima amalize kabla jua halijamkuta. Hiyo ilikuwa ndiyo sura yenyewe. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri Mama alinipitisha shambani kwa dada yake, tukang'oa pamoja mistari minne. Vidole vilikufa ganzi. Nilirudi nikaandika mpaka hotipoti ikapoa.

Kuanzia siku hiyo sikuweza tena kukubaliana na wazo kwamba nyumba hizi zimewekwa vijijini ili mwandishi akae mbali na watu. Mbali na watu wake wanaomhitaji kila dakika, sawa, hasa kama ni mama wa watoto, na mimi sitaona aibu kusema niliuhitaji umbali huo. Lakini ukifika mlimani ukakaa juu ya kijiji kama juu ya picha, unakwenda kuandika jua la saa sita. Jumapili moja tulitembea hadi Irente, kwenye ule ukingo ambao ardhi inakatika ghafla na unaiona nyika karibu mita elfu moja chini yako, Mazinde na mashamba yake ya mkonge, barabara imekuwa uzi, malori ni punje. Ni mahali pazuri mno. Nilikaa pale nusu saa, na nilipotoa daftari sikuwa na neno hata moja la kuandika kuhusu wale walio chini. Ni mbali sana.

Kama unafikiria kuomba nafasi mahali popote pa namna hii, uliza mapema mambo ya kawaida bila kuona haya: nani analipa nauli, chakula kinahusisha siku zote au za kazi tu, umeme ukikatika kuna nini, zahanati ya kweli iko umbali gani, je, wanakutaka ufundishe shuleni au usome mbele ya watu. Mwenzetu mmoja aliwahi kwenda mahali pengine akagundua siku ya tatu kwamba anatakiwa kutoa mhadhara kila jioni, na hakuandika kitu. Ukiwa na watoto, panga na atakayewalea na muda wa simu uwe mmoja unaojulikana. Wangu walizoea saa kumi na robo, wakawa wananisubiri. Masika epuka kama unaweza, maana njia za juu huwa utelezi mtupu. Na beba kazi moja tu. Kijana wa tamthilia alikuja na tatu, akahangaika nazo wiki mbili nzima, mpaka akampa Mama mbili zimfungie kabatini.

Sikumaliza riwaya. Nilimaliza sura ya saba na ya nane, na ya tisa nikaiacha mahali ninapojua kesho yake inaanzia wapi. Asubuhi ya kuondoka Mama aliniletea kifuko cha maharage ya mbegu, yale tuliyong'oa pamoja, akasema nisiyapike yote. Bodaboda lilikuwa limeshawaka, mabegi yamefungwa kwa mpira, mimi nimeshapanda. Akashika usukani kumzuia kijana asiondoke.

"Yule bibi," akaniuliza, "ameshamaliza kung'oa?"

"Bado, Mama. Imebaki mistari miwili."

Akatazama mashariki, juu ya msitu.

"Basi mwambie awahi. Jua hilo linapanda."