Pete Nyekundu Kwenye Agari

Hamira niliyokabidhiwa na profesa aliyenisimamia ilikuwa na kasoro moja iliyojulikana: ilitengeneza inositoli, kitu kinachofanana na sukari ambacho seli hukitumia kujengea utando wake, kupita mahitaji yake na kuimwaga nje. Hamira ya kawaida, Saccharomyces cerevisiae, haifanyi hivyo. Ikiipata inositoli katika chakula chake, huizima jeni ya INO1, ile inayoagiza kimeng'enya cha kuitengeneza. Ikiikosa, huiwasha kwa msaada wa protini mbili, Ino2 na Ino4, ambazo hushikana na kuketi pamoja kwenye DNA mbele ya jeni hiyo na ya jeni nyingine nyingi za fosfolipidi, yaani mafuta yanayojenga utando wa seli. Kazi ya kuzima ni ya protini nyingine, Opi1. Kwa hiyo kila aliyeisikia habari ya hamira yangu alisema bila kusita kwamba Opi1 imeharibika, na mimi mwenyewe sikuwa na sababu ya kubisha.

Kipimo chenyewe ni cha zamani na bado nakipenda kuliko mashine nyingi zilizokuja baadaye. Hamira inayochunguzwa huoteshwa kwenye agari, jeli ya kuoteshea vijidudu, isiyo na inositoli, kisha kando yake hunyunyiziwa hamira nyingine ya kupimia, ambayo haina INO1 inayofanya kazi na hivyo haiwezi kukua pasipo kupewa inositoli. Hiyo ya kupimia ina pia hitilafu katika jeni ya ADE1, inayoifanya iwe nyekundu. Palipo na inositoli iliyovuja, wekundu huchipuka na kuzunguka kama pete.

Pete yangu ilikuwa pana, haina ubishi. Hata hivyo profesa hakuridhika. "Opi1 ikiharibika," aliniambia, "inositoli humwagika hata ukiilisha hamira vizuri. Iongezee kolini, halafu tuone." Niliandaa agari tatu nyingine: moja yenye kolini, ya pili yenye dimethiliethanolamini, ya tatu yenye monomethiliethanolamini, nikaziweka kwenye joto la nyuzi 30 pamoja na ile isiyoongezwa kitu.

Sababu ya kuchagua vitu hivyo inahitaji maelezo kidogo. Hamira hutengeneza fosfatidilikolini, mojawapo ya fosfolipidi zake, kwa kuipachika fosfolipidi nyingine, fosfatidiliethanolamini, vikundi vitatu vya methili (vikundi vidogo vya kaboni na hidrojeni), kimoja baada ya kingine. Kimeng'enya cha jeni ya CHO2 hupachika cha kwanza. Cha jeni ya OPI3 humalizia viwili vilivyobaki. Kuna pia njia ya pili, ambapo seli huichukua kolini iliyo tayari kutoka nje na kuiunganisha moja kwa moja. Anayekwama kwenye njia ya kwanza anaweza kuokolewa na ya pili, mradi apewe malighafi iliyokwisha kuvuka mahali alipokwama: kolini ina methili tatu, dimethiliethanolamini mbili, monomethiliethanolamini moja.

Nilipozitoa sahani, kwenye kolini hapakuwa na pete. Kwenye dimethiliethanolamini hapakuwa na pete pia. Kwenye monomethiliethanolamini pete ilikuwepo, nyekundu vilevile kama kwenye agari tupu. Nilizipanga mezani, nikazipangua, nikazipanga tena kwa mfuatano wa methili, na hapo hakukuwa na la kukisia: hamira iliyopewa malighafi yenye methili moja bado ilikuwa imekwama, iliyopewa yenye mbili ilikuwa imeponyoka. Opi1 ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni OPI3, kimeng'enya cha utandoni ambacho hakigusi DNA kabisa.

Mtu anaweza kuuliza kimeng'enya kama hicho kinahusiana vipi na jeni iliyomo ndani ya kiini cha seli. Jibu lake ndilo lililonivuta kwenye fani hii. Mwaka 2004 Christopher Loewen, Susan Henry, Timothy Levine na wenzao walionyesha kwamba Opi1 hushikiliwa nje ya kiini, kwenye utando wa retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa tando ulioungana na utando wa kiini), na protini iitwayo Scs2 pamoja na asidi ya fosfatidi, lipidi ambayo fosfolipidi nyingine zote hutokana nayo. Inositoli ikija, asidi hiyo hutumika kutengeneza fosfatidilinositoli, fosfolipidi yenye inositoli, hupungua, na Opi1 huachiliwa iingie kwenye kiini kuzima jeni. Katika hamira yangu utengenezaji wa fosfatidilikolini ulikuwa umeziba, na kwa maelezo hayo asidi ya fosfatidi ililundikana na Opi1 ikabaki imenaswa nje, nzima lakini haina nafasi ya kufanya kazi. Kwa maoni yangu, kusema kwamba seli "huhisi inositoli" ni kurahisisha mno. Inachokisoma ni utando wake.

Tuliiingizia hamira ile nakala nzima ya OPI3, na pete haikutokea tena hata pasipo kolini. Profesa alizitazama sahani zile, akaniagiza nianze kuipima asidi ya fosfatidi yenyewe, kazi ambayo kwa ugumu wake inastahili kusimuliwa peke yake.