Nilivyopata gripu inayonifaa kwenye gongo la hoki

Gripu ni utepe unaoviringishwa kwenye mpini wa gongo. Kila niliyemuuliza aliniambia chukua gripu nene, inapunguza mtikisiko. Ushauri huo unaniudhi hadi leo, kwa sababu unasahau kazi ya mikono. Mpira wa hoki huchezwa hasa kwa upande bapa wa gongo, kwa hiyo gongo linageuzwa kila wakati. Anayeligeuza ni mkono wa kushoto, ulio juu. Wa kulia, chini yake, unashika kwa ulegevu ili gongo lizunguke ndani ya kiganja.

Unene ukizidi, kifundo cha mkono wa kushoto kinachelewa kugeuza na vidole havihisi tena mpira unapogusa gongo. Uzito nao unaongezeka upande wa mpini, kichwa cha gongo kinaonekana chepesi. Wanaopenda kurundika tabaka wakumbuke pia kwamba sheria inataka gongo, pamoja na vyote vilivyoviringishwa, lipite kwenye pete yenye upana wa ndani wa milimita 51.

Kipimo changu ni rahisi: shika kwa mkono wa kushoto kama unayecheza. Vidole vikichimba kiganja, gripu ni nyembamba mno. Vikishindwa kukaribia kiganja, ni nene mno.

Baada ya hapo ndipo malighafi. Gripu ya poliuretani, aina ya plastiki laini, inanata vizuri ikiwa kavu, lakini uso wake ukianza kung'aa basi imekwisha, na kwenye nyasi bandia zinazomwagiwa maji itateleza. Ya shami, ngozi laini, inafyonza jasho na maji, na ikilowa kidogo ndiyo inashika vizuri zaidi. Ya taulo inafyonza pia, ila inabeba maji mengi na uchafu, siipendekezi.

Sasa ujanja ninaojivunia. Gripu ya msingi, ya poliuretani na isiyonata sana, naiweka mpini mzima. Juu yake naviringisha shami nyembamba, lakini kwa sentimita 12 hivi za juu tu, mahali pa mkono wa kushoto. Kushoto kunashika hata mvua ikinyesha, kulia gongo linazunguka bila kukwama, na unene umeongezeka palipohitaji tu. Shami inapoishia nakata ncha kwa mshazari, ili mzunguko wa mwisho uwe sawa bila kuacha ukingo unaohisiwa na mkono, kisha naifunga kwa tepu, mizunguko miwili.

Anzia juu kabisa, ukiacha kipande kidogo cha kukunja juu ya ncha ya mpini. Vuta kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Ukilegeza katikati, mkunjo utajitokeza ukiwa umeshachelewa. Kila mzunguko ufunike ule uliotangulia kwa milimita 3 hivi. Kingo zitaangalia juu, kwa hiyo mkono wa kulia unapopanda kupiga haubandui kitu. Unaposhuka ndipo unazigusa, ndiyo maana mwisho wa chini unahitaji tepu nzuri. Gundi ya zamani ifute kabisa kwa spiriti na mpini ukauke, la sivyo vinundu vitabaki chini ya gripu mpya.

Shami ikilowa isianikwe juani, inakakamaa. Iache ikauke kivulini, halafu ifinyangefinyange kwa vidole irudi laini.