Matusi katika kikao cha marejesho: uzoefu wangu Ilula

Nilipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Ilula, wilayani Kilolo, mkoani Iringa, nilikikuta kina katiba iliyosajiliwa, sanduku la kufuli tatu, na kifungu kinachosema kwamba mwanachama atakayetoa lugha chafu kikaoni atatozwa faini ya shilingi 2,000, nayo itaingia kwenye mfuko wa jamii. Faini hiyo ilitozwa bila upendeleo, na matusi yakazidi kuongezeka. Sababu niliiona katika kikao cha kwanza nilichokiongoza, pale mkulima mmoja mwenye uwezo alipotoa noti ya shilingi 5,000, akaiweka mezani mbele ya mweka hazina na kusema, "Chukueni kabisa, chenji msinirudishie," kisha akamgeukia mwanachama aliyekuwa na deni na kumporomoshea matusi ya nguoni ambayo siwezi kuyaandika hapa. Faini ilikuwa imegeuka kama ada ya choo cha stendi: unalipa, unaingia. Mwenye fedha alikuwa amejinunulia haki ya kutukana, na asiye nazo alitukanwa huku anadaiwa.

Sikuanza kwa kuhubiri adabu. Wanachama wengi ni watu wazima wenye wajukuu, na mtu wa umri huo hafundishwi maneno mazuri na mwalimu wa shule ya msingi, hata kama mwalimu huyo ndiye aliyemfundisha mwanawe kusoma. Nilichukua madaftari ya mihtasari nikayasoma nyumbani, na jambo moja likajitokeza wazi: faini za lugha chafu karibu zote zilitozwa katika ajenda moja, yaani marejesho ya mikopo. Katika mchango wa hisa, katika mfuko wa jamii, hata katika uchaguzi wa viongozi ambao ungetazamiwa kuleta kelele, watu walizungumza vizuri.

Asiyeijua Ilula inafaa aelezwe kwamba huu ni mji wa nyanya. Mkulima hukopa ili anunue mbegu, mbolea na dawa, kisha hutegemea malori ya wanunuzi yanayosimama kando ya barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam. Nyanya ikishaiva haimsubiri mtu. Malori yakiwa machache, dalali hutaja bei ya tenga anayoitaka yeye, na mkulima hukubali kwa sababu kesho mzigo utakuwa umeoza. Juu ya hilo kuna kantangaze, mdudu aliyeripotiwa nchini mwaka 2014, ambaye anaweza kumaliza shamba zima ndani ya msimu mmoja. Kwa hiyo marejesho huchelewa kwa sababu za kweli, na wakati huohuo wadhamini wa mkopaji hisa zao hubaki zimefungwa mpaka deni liishe. Watukanaji wakubwa katika madaftari yale walikuwa wadhamini. Walikuwa na madai halali kabisa, ila katiba haikuwapa nafasi yoyote ya kuyasema zaidi ya kukaa na kusikiliza orodha ya wadaiwa ikisomwa kwa sauti, jina kwa jina, mbele ya watu wote.

Hatua ya kwanza, kwa hiyo, ilikuwa kuiondoa orodha ile midomoni mwa mweka hazina. Siku chache kabla ya kikao, yeye na katibu humwita mdaiwa pamoja na wadhamini wake, wakakaa naye faragha na kuuliza hali ya shamba na tarehe ya kuvuna. Madeni mengi humalizikia hapo, au walau hupata ratiba mpya. Kikaoni hufika yale tu yaliyoshindikana.

Hayo yaliyoshindikana ndiyo yaliyonipa kazi. Nitaeleza mfano mmoja kwa ruhusa ya wahusika. Mzee mmoja alisimama, akamnyoshea kidole mama kijana aliyemdhamini, akamwita mshenzi asiye na haya na mwizi. Watu wakaanza kupaza sauti za "Faini! Faini!" Nikawaomba wanyamaze, nikamwambia, "Baba, katibu ameshika kalamu anakusubiri. Aandike unadai nini?"

"Aandike kwamba huyu ni mwizi."

"Mwizi wa nini, Baba?"

"Wa laki tatu! Mimi ndiye mdhamini wake. Hisa zangu zimefungwa, na mjukuu wangu anatakiwa shuleni mwezi wa kwanza."

Katibu akaandika: mdhamini anadai laki tatu zirejeshwe ili hisa zake zifunguliwe kabla ya mwezi wa kwanza, kwa ajili ya ada na sare. Nikamwomba aisome kwa sauti, na nikamuuliza mzee kama ndivyo alivyosema. Alikaa kimya kidogo, akasema ndivyo. Neno mshenzi halikuwamo, wala neno mwizi. Yule mama, ambaye alikuwa ameshasimama na kufunga kanga kiunoni tayari kwa kujibu, akajikuta ana jambo la kujibu ambalo halikuwa tusi. Alieleza kwamba mavuno ya kwanza aliyauza kwa bei ya kutupa, kwamba awamu ya pili ilikuwa bado shambani, na kwamba angeweza kutoa laki moja wiki ile na zilizobaki kabla ya Krismasi. Mzee alikubali, huku bado amenuna.

Tangu hapo huo ndio ukawa utaratibu wetu. Sikemei wala sinyamazishi. Nauliza unadai nini, kiasi gani, tangu lini, na katibu huandika hayo tu. Nimeona kwamba mtu mwenye dai la kweli huanza kulieleza mara anapoona linaandikwa, na asiye na dai hubabaika, kwa sababu tusi likishaondolewa hubaki hana la kusema. Huyo wa pili wanachama wenyewe humwambia akae, na sauti yao ina nguvu kuliko yangu.

Tusi lenyewe hatuliachi lipite. Hurudiwa mwisho wa kikao, hasira zikiwa zimeshuka, na hapo nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu huuona mkali: aliyetukana mbele ya watu ataomba radhi mbele ya watu walewale. Kuna wanaopenda kumfuata mtu nyumbani usiku na kumalizana kimyakimya, jambo ambalo linampendeza mtukanaji peke yake, kwa kuwa waliosikia tusi hawakusikia radhi. Vilevile sipokei ile radhi ya "kama nimekukosea." Umemkosea, sote tulikuwepo.

Hapa Iringa pia huwezi kushughulikia matusi bila kukutana na utani. Tunaye mwanachama Mngoni aliyehamia kutoka Songea, na kila akifika kikaoni humuuliza mweka hazina wetu, ambaye ni Mhehe, kama mbwa wake bado yupo hai au ameshaingia chunguni. Mweka hazina humjibu kwamba Wangoni walikimbia vita na mpaka leo hawajarudi kuchukua ngao zao. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, kabla Wajerumani hawajaitwaa nchi hii, na leo wanataniana hata msibani. Mgeni akisikia maneno yao anaweza kudhani damu itamwagika. Sikuugusa utani huo na sitaugusa. Niliweka mpaka mmoja tu, baada ya mtu kumtukana mama ambaye hakuwa mtani wake na kisha kujitetea kwamba alikuwa anatania: utani ni wa watani, na haufunguliwi daftari la madeni likiwa mezani.

Liko neno ambalo nilikataa kulifanyia utaratibu wowote wa kikundi. Mwanachama mmoja, baada ya shamba lake kuangamia huku la jirani yake likistawi, alisimama na kumwita jirani huyo mchawi. Hapo nilifunga ajenda. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inakataza kumtuhumu mtu hivyo, na kila mtu mzima wa mikoa hii anajua tuhuma ya namna hiyo inaweza kumfikisha mtu wapi. Suala lilipelekwa kwa afisa mtendaji wa kata siku ileile. Lakini mtoa tuhuma alikuwa na swali lake chini ya lile neno, nalo lilistahili jibu: kwa nini shamba langu na si lake? Bwana shamba alikuja kikao kilichofuata na majani ya nyanya yenye madoa meupe, akamwambia ayainue dirishani. Mwanga ulipopenya, kiwavi mdogo wa kantangaze alionekana ndani ya jani, katikati ya ngozi ya juu na ya chini, akitambaa. Bwana shamba akaeleza kwamba kiwavi akishajificha humo, dawa ya kupulizia juu ya jani haimpati kirahisi, na kwamba jirani aliwahi mapema kutega mitego ya kunasa vipepeo wa mdudu huyo na kuyang'oa mabaki ya msimu uliopita. Radhi ilitolewa palepale. Siwezi kusema majirani hao sasa wanapikiana chakula, ila wamenunua mitego pamoja.

Mama mmoja, baada ya kutukanwa, alitaka kwenda Mahakama ya Mwanzo. Ni haki yake, kwa maana kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya kuwa kosa kumtolea mtu lugha ya matusi kwa namna inayoweza kuleta uvunjifu wa amani, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miezi sita. Nilimweleza hivyo bila kumshawishi aende wala aache, akachagua kusubiri radhi. Sijawahi kuitaja sheria hiyo kikaoni ili kumtisha mtu, kwa sababu kutishana jela nako ni njia nyingine ya kutukanana.

Mambo hayajawa mazuri kila mahali. Kule barabarani malori yanapopakiwa, wanachama walewale hutukanana na madalali kama zamani, na huko sina kiti wala daftari. Kikundini, hata hivyo, tulipogawana akiba mwishoni mwa mzunguko tuliifanyia katiba marekebisho: kifungu cha faini kikafutwa, na mahali pake pakaandikwa kwamba anayetukana hapewi tena nafasi ya kuzungumza mpaka aombe radhi kikaoni. Wachache walipinga, na mmoja wao alisema bila kuficha kwamba bila faini zile mfuko wa jamii utapungua. Mweka hazina alipiga hesabu, akakuta hoja hiyo ni ya kweli, kwa hiyo tukapandisha mchango wa mfuko wa jamii kwa shilingi 500.