Namba Kumi na Nne

Mwezi wa nne Guangzhou kuta hutoa jasho. Hayo si maneno ya kishairi. Upepo wa joto unapanda kutoka baharini, unakuta nyumba bado zimeshika baridi ya kipupwe, basi maji yanachuruzika ukutani, sakafu inateleza, na nguo uliyoanika tangu juzi unaivaa mbichi. Wenyeji wanaita huinantian. Sisi tuliokaa mtaa wa Xiaobei tulikuwa tukisema tu "nyumba inalia", na ndiyo maana nilipoyakuta maneno hayo kwenye karatasi namba 14 sikuyakata kwa wino mwekundu. Karibu mengine yote niliyakata.

Ilikuwa mwaka 2013. Mume wangu alikuwa na biashara ya kargo: anapokea mizigo ya wafanyabiashara, anapima CBM, yaani mita za ujazo, anajaza kontena la Dar. Mimi niliacha kufundisha Kiswahili sekondari huko Tanga nikamfuata. Kazi yangu ikawa kushika kalkuleta, kuandika majina ya wateja juu ya maboksi kwa kalamu nene, na kuwapikia vijana wanaofunga mzigo. Lakini jina la Mwalimu nilikuja nalo. Watu wazima waliniita hivyo, na nilipenda.

Ijumaa moja baada ya sala, nje ya msikiti wa Xianxian, pale ambapo kwa mapokeo ndipo lilipo kaburi la Saad bin Abi Waqqas na ambapo siku hizo kila Ijumaa palikuwa pakigeuka gulio la mishikaki, wazee wetu walikuja na wazo. Watu wa Kiswahili tulioko huku tuandike. Kurasa mbili zisizidi, habari yoyote ya maisha ya hapa. Mshindi atasafirishiwa CBM moja bure mpaka Dar (hapo mume wangu alitolewa sadaka bila kuulizwa), wa pili apate sufuria ya umeme ya wali, wa tatu chupa ya chai.

Majina hayakutakiwa, namba tu. Sheria mpya ya wageni ilikuwa ianze tarehe 1 Julai, na habari zake zilikuwa kila mdomo: ukipitiliza viza, faini inaweza kufika yuan 10,000, au mahabusu mpaka siku 15. Waliopitiliza walikuwemo, tunawajua, tunakula nao. Nani atake jina lake lizunguke kwenye karatasi?

Msimu tulikosea. Maonyesho ya Canton, ambayo tangu 1957 yanafanyika Aprili na Oktoba, yalikuwa yamepamba moto. Hoteli zimepandisha bei, wateja wamejaa hadi ngazini. Nilitegemea karatasi tano. Zilikuja 19.

Waamuzi tulikuwa tuwe watatu. Mzee mmoja wa Unguja, muuza viatu wa siku nyingi, mimi, na dada mmoja wa Mombasa ambaye siku yenyewe alipata mteja wa vigae akaenda naye Foshan. Nafasi yake tukampa mwanafunzi wa chuo, kijana wa Dodoma. Huyo dada wa Mombasa mumkumbuke.

Tulikaa kwenye mgahawa wa tambi karibu na jengo la Tianxiu. Karatasi 11 kati ya zile 19 zilianza na "Tafuteni elimu ijapokuwa Uchina". Mzee alipofika ya sita akaiweka chini, akavua miwani.

"Mwalimu, hadithi yenyewe wanazuoni wanasema dhaifu. Na hawa hapa hapana hata mmoja aliyekuja kutafuta elimu. Wamekuja kutafuta viatu."

Namba 14 haikuanza hivyo. Kijana wa Dodoma aliisoma kwa sauti:

"Bibi yangu, huku nyumba inalia. Ukuta inatoka maji kama muntu mwenye homa. Nikirudia ku kazi usiku, mikono yangu inanuka selotepu, ninaona haya kukugusa hata mu ndoto."

Akasita. Akaendelea. "Kitanda ni kadogo, lakini fasi yako iko."

Tukacheka mpaka mwenye mgahawa akaja kutazama. "Mtu mzima bado analala na bibi yake!" kijana akasema. Mzee akasema huyo kalelewa na bibi, watoto wa bibi wote ndivyo walivyo, hawakui. Nami nikaingia na ujuzi wangu. Nililelewa na bibi Muheza, mwanamke asiyejua herufi moja, na nilisema namwelewa mwandishi, ila barua ya mjukuu haiandikwi namna hii.

Tukampa 38 kwa 100. Kalamu nyekundu ilikuwa yangu. Ukuta *unatoka*. *Mtu*. *Kidogo*. *Nafasi*. Pembeni nikaandika, kwa ule mwandiko wangu wa darasani, "Upatanisho wa kisarufi!" na chini kabisa, "Maudhui hayaeleweki." Mshindi akawa mwanafunzi aliyesifu mnara wa Guangzhou na mita zake 600, insha safi kabisa, yenye methali nne. Siwezi kukumbuka hata sentensi yake moja.

Siku mbili baada ya zawadi kutolewa, mwanamume mrefu alisimama mlangoni kwetu. Nilikuwa namwona mara kwa mara akifunga mizigo kwenye ghala la jirani. Watu wakisema ni Mkongo, basi, imetosha. Alikuwa amevua kofia.

"Mama Mwalimu, ninakuya kuomba mukanda yangu."

Nikamtazama kiunoni. Mkanda alikuwa nao.

"Mkanda gani, kaka?"

"Ile niliandika. Namba kumi na ine." Akachora hewani kwa kidole, kama mtu anayetia sahihi. "Sina ingine. Ninataka nitume ku bibi."

Kwao Lubumbashi mukanda ni barua. Hilo nililielewa papo hapo, na nikajiona mjanja. Akanieleza kwamba rafiki yake ana maboksi kwenye kontena letu; yatashuka Dar, yapande lori mpaka Tunduma, yakatize Zambia, yaingie Kasumbalesa, na barua iwe ndani, katikati ya vitenge.

"Bibi ana umri gani sasa?" nikauliza, kwa ile heshima ya kuulizia wazee.

"Makumi mbili na sita." Akacheka. "Tuko na batoto babili."

Sijui nilikaa kimya muda gani. Mimi mwenyewe siku ya ndoa yangu Tanga nzima iliniita bibi harusi. Neno hilo nilitembea nalo siku tatu, nimelipaka hina. Na Wakenya nao bibi kwao ni mke. Yule dada asingekwenda Foshan, angetuzima kicheko mstari wa kwanza tu. Kwa mtu huyu bibi wa Muheza angekuwa nkambo. Tulikuwa tumemcheka mume anayemtamani mkewe.

Nikamwambia karatasi iko kwa mwamuzi mwenzangu, aje kesho. Uongo. Ilikuwa kwenye droo, na goti langu lilikuwa limeiegemea droo hiyo.

Usiku, nyumba ikilia, nikaitoa. Wino mwekundu ulikuwa umeshaanza kulowana na kusambaa, umeingia mpaka kwenye maneno yake ya bluu. Nikachukua karatasi mpya nikaanza kunakili. Kazi ndogo, nilidhani. Lakini mkono uliofundisha miaka tisa hauandiki "ukuta inatoka" kwa hiari. Mara mbili niliandika "mtu", mara mbili nikachana. Nilipofika kwenye kitanda nikajaribu zote mbili, kwa sauti ya chini. *Kitanda ni kidogo, lakini nafasi yako ipo.* Hiyo ni hoteli inayomjibu mteja. *Kitanda ni kadogo, lakini fasi yako iko.* Nikaiandika kama alivyoiandika, herufi kwa herufi.

Mume wangu aliamka kunywa maji, akateleza kidogo sakafuni, akanikuta mezani na karatasi zilizochanwa.

"Mama Salma, saa nane hii unamwandikia nani?"

"Bibi."

Akanywa maji yake, akanitazama.

"Bibi wa Muheza? Tangu lini anajua kusoma?"