Jinsi nilivyofanya barua pepe za kazini zijibiwe

Kazi yangu ni kuratibu ripoti za vikundi vya wakulima mkoani Morogoro. Kila robo mwaka nazikusanya kutoka kwa maofisa walioko Kilosa, Mvomero na Ulanga, karibu zote kwa barua pepe. Nilipoanza, nyingi zilifika bila kichwa, au kichwa ni "Habari" tu, na kiambatisho kinaitwa "ripoti mpya mwisho". Kuitafuta moja kuliweza kula asubuhi nzima.

Nilianza na kichwa. Afisa yeyote aliyezoea barua za serikali anaujua mstari wa "Yah:", kwa hiyo sikuwa nafundisha jambo geni. Niliomba tu mstari huo utaje ripoti, wilaya na siku ya mwisho: "Ripoti ya robo ya pili, Kilosa: naomba maoni kabla ya Ijumaa." Anayeiona kwenye simu akiwa shambani anajua anatakiwa kufanya nini hata kabla hajaifungua.

Salamu sikuziondoa. Wapo wanaoona adabu ya barua pepe ni kuingia moja kwa moja kwenye shida. Kwetu huko ni kumkosea mtu. Mzee namwamkia shikamoo, afisa namtaja kwa cheo chake, mstari mmoja unatosha. Ombi linafuata papo hapo, maelezo yanakuja chini yake. Ombi lililofichwa aya ya nne, nyuma ya historia ya mradi, halisomwi.

Pagumu zaidi palikuwa kwenye misiba. Mwenzetu akifiwa, taarifa inatumwa kwa wafanyakazi wote, na kila mmoja anabonyeza "jibu wote" kuandika pole. Kumpa mtu pole ni wajibu na sikutaka kumzuia yeyote, ila ripoti zilikuwa zinapotea katikati ya pole hizo. Sasa naweka anwani ya mfiwa peke yake kama mpokeaji, wengine wote naweka kwenye nakala ya siri (Bcc), ambako anwani zao hazionekani. Hata mtu akijibu wote, ujumbe wake unatufikia mfiwa na mimi tu. Hivyohivyo nafanya ninapowaandikia wauzaji wa pembejeo kwa pamoja, maana anwani ya mtu ni taarifa yake binafsi, na Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa hizo tangu 2022.

Picha za mashambani nazipunguza ukubwa kabla ya kutuma. Gmail ya kawaida inaruhusu kutuma hadi MB 25 kwa barua moja, na faili huongezeka kama theluthi likifungashwa kwa safari. Hata likipita, bando la kulipakua analipa mpokeaji.

Barua ya hasira naiandika bila kujaza anwani, nailaza hadi asubuhi. Ushauri wa kuilaza umo kwenye RFC 1855, mwongozo wa adabu za mtandaoni wa Oktoba 1995, ambao pia ulionya kuwa herufi kubwa tupu husomeka kama kelele.

Ofisi za serikali ninazoshughulika nazo bado zinataka saini na mhuri. Huko naandika barua kamili yenye kumbukumbu namba, naipiga skani, naiambatisha, kisha kwenye barua pepe yenyewe naweka mistari miwili: nimeambatisha nini na naomba nini. Zikipita siku tatu za kazi bila jibu, napiga simu.