Njia ya Kwenda Mwembeni

Mama alirudi nyumbani kutoka hospitali mwishoni mwa Januari 2017, kiharusi kimemlegeza upande wa kulia, na mkononi ana mkongojo wa miguu minne. Ndani ya nyumba alikuwa akijimudu. Sakafu ni ya saruji, vyumba vimefuatana, na popote ukigeuka kuna ukuta au kiti cha kushika. Ila Mama hakuwa mtu wa kukaa ndani. Nyumba yetu iko Malindi, mtaa wa Shela, na tangu nipate akili zangu, alasiri ikiingia yeye huwa uani, chini ya mwembe wa ngowe, anachambua mchele au anasuka ukili huku akizungumza na jirani wa ng'ambo ya ukuta.

Kutoka mlango wa nyuma hadi mwembeni ni mita 11. Mlangoni kuna vidato viwili, na vikiisha ni mchanga mtupu hadi kwenye shina, ule mchanga wetu mweupe ambao kipindi cha kaskazi hukauka hata ukawa haushikani kabisa. Mkongojo ukitiwa pale, miguu yote minne huzama, kila mmoja kwa kina chake. Tulijaribu kumbeba kwa kiti, mimi huku, binamu yangu kule. Alikaa mwembeni nusu saa, tukamrudisha. Kesho yake tulipomwendea alikataa.

"Mimi si gunia la makaa, mwanangu. Nikishindwa kwenda kwa miguu yangu, niacheni dirishani."

Maneno yale yalinichoma. Niliazimia kwamba kabla ya masika kuingia Mama awe amefika kwenye mwembe wake, kwa miguu yake.

Kaka yangu alikuja kutoka Mombasa na mtu wa kandarasi. Akapima ua wote kwa futi kamba, akaandika, akatuonyesha: kutandaza kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika chini, uani kote ni shilingi 85,000. Bei yenyewe huenda ilikuwa ya haki, lakini bili ya matibabu ilikuwa imekomba akiba ya nyumba nzima, na mimi na kaka tulipounganisha tulichonacho ilipatikana 9,000. Na hata tungekuwa nazo hizo 85,000, mimi nisingekubali. Kabro ua mzima, kwa jua la Malindi, ni kumwekea mgonjwa jiko mlangoni. Saruji hulimeza joto mchana kutwa na kulitoa jioni, saa ile ile ambayo mtu anatoka kutafuta upepo. Na ule mwembe ungekunywa maji wapi?

Aliyetuokoa ni fundi mmoja mzee, rafiki wa marehemu baba, aliyekuwa amekwisha kuacha kazi kubwa kubwa na kubaki na kuziba nyufa za visima. Alipobisha hodi hakwenda uani. Alikaa na Mama ukumbini, wakajuliana hali, akanywa kahawa yake, kisha akasema, "Bi mkubwa, hebu simama utembee kidogo nikuone."

Mama akatembea kutoka kiti hadi mlango wa chumba. Mzee alipima upana wa mkongojo, akapima hatua ya Mama, akamwomba ageuke, akatazama nafasi anayohitaji kugeukia. Aliniambia njia iwe na upana wa mita 1 na sentimita 20, ili mtu aweze kwenda naye sambamba akihitaji bega. Njia moja tu, kutoka mlangoni hadi mwembeni. "Ua uliobaki uacheni na mchanga wake," alisema. "Pesa yenu yote iende pale anapokanyaga."

Ndipo tukaanza kuokota. Jirani alikuwa anabomoa ukuta wake wa zamani wa mawe ya matumbawe, na vifusi vile vilikuwa vinamkera. Tukavichukua bure, tukalipa mkokoteni tu, shilingi 600. Kwa juu tulitaka kitu kigumu kisichoteleza. Mahoteli ya huku na ya Watamu yanapenda mawe bapa ya Galana kwa kutandika chini, na kila yanapokatwa hubaki vipande vya pembeni ambavyo havina mnunuzi. Tulivipata kwa shilingi 1,500, vya maumbo yote, kingo zimepindapinda, lakini uso wake unakwaruza vizuri, ndivyo alivyotaka mzee. Mchanga tulinunua wa mto Sabaki, 1,800. Binamu yangu aliuliza kwa nini tununue mchanga nasi tunakaa kando ya bahari. Mzee hakutaka kabisa kusikia habari ya mchanga wa pwani: una chumvi, na chumvi huvuta unyevu, ikatoa unga mweupe na kuyala maungio. Saruji, mifuko mitatu ya kilo 50, haikufika 2,000. Chokaa kidogo alikuja nacho mwenyewe. Ujira wake alisema tumpe 2,500, na alipoona namtazama akainua mkono kunizuia nisiseme neno.

Kazi iliyokula muda ni ya chini, ambayo leo huioni. Tulichimba mchanga mpaka tukafika mahali penye kushika, tukamwaga vifusi, tukarowesha, tukashindilia kwa gogo, tukamwaga tena, tukarowesha, tukashindilia. Matumbawe yaliyovunjika yakilowa na kupigwa hujibana, mpaka ukiyapiga gogo linakurudia mkononi. Kila nilipodhani tumemaliza, mzee alikanyaga kwa kisigino na kusema, "Bado."

Vile vidato viwili vya mlangoni kwa pamoja vilikuwa na kimo cha sentimita 30. Mzee alivifukia, akaweka mteremko badala yake. Binamu yangu alitaka uwe mfupi ili tuokoe saruji. Mzee akamwambia kwa kila sentimita moja ya kupanda, weka sentimita 12 za kwenda. Ukipunguza, mgonjwa anayeshuka ataanza kuvutwa na uzito wake mwenyewe. Ikawa mita 3 na sentimita 60 za mteremko, karibu theluthi ya njia yote. Na ili mvua isituame, njia nzima aliilaza kidogo upande mmoja, sentimita 2 kwa kila mita. Jicho halioni, lakini maji yanajua.

Reli ya kushikia ilituletea mjadala. Tulikuwa na boriti za mkoko zilizotolewa kwenye dari ya zamani, ngumu bado, na mimi nikasema tuweke moja mkono wa kushoto, kwa kuwa mkono mzima wa Mama ndio wa kushoto. Mama, aliyekuwa anatusikiliza kutoka dirishani, akauliza, "Na wakati wa kurudi?" Kweli, ukigeuka, kushoto inakuwa kulia. Tukasimamisha boriti pande zote mbili za mteremko, na nikazipiga msasa mimi mwenyewe, kwa vile mkono ule wa kulia ulikuwa hausikii maumivu sawasawa, na mwiba ungeweza kumwingia asijue.

Kisha mawe. Hapo ndipo nilipomwona mzee ni fundi wa namna gani. Alikuwa akilichukua pande la Galana, akaligeuza mara mbili tatu hewani, akatafuta jirani yake, akalilaza juu ya udongo wa saruji, akaligonga taratibu kwa mpini wa nyundo na kutega sikio. Likilia mvungu, analing'oa na kuongeza udongo chini. Halafu akauchukua mkongojo wa Mama, akauweka juu ya jiwe, akausukuma kila mguu peke yake. Nafasi kati ya jiwe na jiwe aliipima kwa ile raba ya mguu wa mkongojo: raba ikiweza kuingia, nafasi ni kubwa mno. Mama alikuwa ameketi mlangoni siku zile zote za kutandika mawe, mkongojo wake umekopwa, na nadhani hakuna kilichompa nguvu kama kuona chombo chake kinatumika kupimia kazi.

Maungio tulijaza kwa saruji iliyochanganywa na chokaa, ambayo haipasuki upesi kama saruji tupu. Binamu yangu, kijana wa siku hizi, hakuamini chokaa. Mzee alimwambia aende kwenye magofu ya Gede, kilomita kama 15 kusini mwa mji wetu, aguse zile kuta za matumbawe na chokaa. Watu wameuhama mji ule tangu karne ya 17, na kuta zingali zimesimama.

Njia tuliikomesha zaidi ya mita moja kabla ya shina la mwembe. Pale kwa mwisho tuliweka jamvi la mawe makubwa, la kutosha kiti na mtu kugeuka, na kuzunguka shina tukaacha udongo wazi, mizizi ipumue.

Tulisubiri wiki nzima saruji ishike, tukiimwagia maji asubuhi na jioni. Mama aliihesabu wiki ile kwa hasira. Siku yenyewe ilipofika hakutaka shangwe. Alishika boriti kwa mkono wa kushoto, akashuka mteremko, akapumzika chini yake, akachukua mkongojo. Mimi nilikwenda naye sambamba, sikumgusa. Alipokaa, jirani alichungulia juu ya ukuta, na kabla hajasalimiwa Mama akamwuliza bei ya samaki sokoni.

Mimea tuliiacha mpaka mvua ikaingia, kwa kuwa kisima chetu kina chumvi na maji ya bomba yana bili. Masika ikianza Malindi, mche wowote wa kukatwa unashika, na mvua huipeleka chini chumvi iliyokusanyika kiangazi. Hatukununua hata mche mmoja. Mrehani ulitoka kwa shangazi, mchaichai na mshubiri kwa majirani. Kila shimo tulitia makumbi ya nazi chini, yashike maji ambayo mchanga wetu ungeyapitisha mara moja, kisha samadi ya mbuzi, na juu tukafunika kwa makuti mabovu. Shilingi 600 zilizokuwa zimebaki zilinunua ndoo mbili na kopo, na maji ya kuoshea mchele na mboga yakawa ndiyo ya kunyweshea.

Asmini ndiyo niliyoifikiria zaidi. Jirani alinipa shina zima lenye mizizi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa ametuambia mkono wa kulia ufanyishwe kazi ndogo ndogo, na Mama zile kazi alizopewa, kubana kijimpira, kuhamisha vifuniko vya chupa, alizichukia kabisa. Kwa hivyo asmini niliipanda mkono wa kulia wa kiti chake, karibu kabisa, mahali ambapo mkono wa kushoto ni lazima uvuke kifua kuifikia. Yeye ni mtu wa vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, tangu ujana wake. Ua la asmini likifunguka jioni hakuweza kuliacha pale. Mwanzo alilivuta na likachanika. Baadaye alilichuma zima, na mtaalamu alipokuja akaonyeshwa kisahani kimejaa.

Kabla hata mvua hazijaisha Mama aliuliza, "Jirani atanijia mimi tu siku zote? Ya kwenda langoni mwaianza lini?" Mzee akahesabu vipande vya Galana vilivyobaki kando ya ukuta, akasema vinafika nusu. Nusu ya pili kaka yangu alikuja kuitandika mwenyewe likizo ya Desemba, suruali ameikunja, na mzee ameketi mwembeni karibu na Mama akimwambia, "Bado."